Chuo cha biashara na chuo cha umma: kipi kinatimiza amana ya mzazi?

 

 Kila yanapotangazwa matokeo ya kidato cha nne na cha sita, mjadala mmoja huzuka katika nyumba zetu baada ya sala ya Isha. Kijana amefaulu, alhamdulillah, sasa apelekwe wapi? Mjomba atasema chuo cha serikali ndicho chuo, vingine ni maduka. Shangazi atajibu kwamba katika vyuo vya serikali wanafunzi wamejazana hadi madirishani, na kwamba mwenye pesa yake apeleke mtoto chuo cha binafsi ambako mwalimu anamjua mwanafunzi kwa jina. Baba hunyamaza, kwa kuwa ndiye atakayeuza kiwanja.

Mjadala huu mara nyingi huendeshwa kwa hisia na kwa habari za mtoto wa jirani. Ipo nchi moja, hata hivyo, ambako suala hili limepimwa kwa hesabu, likajadiliwa bungeni, likafika mahakamani na kugharimu mabilioni ya dola. Nchi hiyo ni Marekani. Huko vyuo vinavyomilikiwa na makampuni na kuendeshwa kwa ajili ya faida vimekuwapo bega kwa bega na vyuo vya umma kwa muda mrefu kiasi cha kuweza kulinganishwa. Muislamu haoni haya kuchukua funzo popote alipolikuta, basi na tulitazame jambo hilo kwa utulivu.

Ufanisi kwa kipimo cha nani?

Kabla ya kulinganisha, ni lazima tujue tunachokipima. Neno ufanisi lina ladha tofauti kwa kila mtu. Mwenye hisa katika chuo cha biashara atakiita chenye ufanisi kile kinachoingiza mapato mengi kwa gharama ndogo. Waziri wa fedha atatazama kiasi ambacho serikali imetoa kwa kila mwanafunzi. Mzazi na kijana wake wana kipimo cha tatu: kwa fedha na miaka tuliyotoa, je, amemaliza? Ameajirika? Na amebakiwa na deni kiasi gani?

Qur'ani tukufu, katika mwanzo wa Surat al-Mutaffifin, inawaonya wale ambao wanapopokea hutaka kipimo kamili, na wanapowapimia wengine hupunguza. Wanazuoni hawakuiwekea aya hiyo mipaka ya mizani ya nafaka. Kila anayepokea ujira kamili akatoa kazi pungufu anahusika nayo. Chuo kinachopokea karo yote mwanzoni mwa muhula, kisha kikatoa nusu ya vipindi, kimepunja kipimo, liwe jengo lake la serikali au la kampuni. Kwa hiyo kipimo cha mzazi ndicho tutakachokitumia hapa, nacho ndicho kilicho karibu zaidi na sheria yetu.

Habari ya Marekani

Vyuo vya Marekani vimegawanyika katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vyuo vya umma. Vingi kati ya vyuo vikuu vya majimbo vina mizizi katika sheria ya mwaka 1862 iliyoyapa majimbo ardhi ili yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi. Chini yao viko vyuo vya jamii vya miaka miwili, ambavyo historia yake huanzia Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka 1901. Hivi hupokea karibu kila anayebisha hodi, tena kwa karo ndogo. Fungu la pili ni vyuo vya binafsi visivyogawana faida, kama Harvard, vinavyotegemea mali iliyotengwa na watoaji, ambapo asili ya mali hubaki na pato lake hutumika. Msomaji aliyesoma fiqhi atatambua mara moja kwamba jambo hilo si geni kwetu.

Fungu la tatu ndilo la biashara. Mfano wake mkubwa ni chuo cha University of Phoenix, kilichoanzishwa mwaka 1976 na John Sperling, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha umma. Hoja yake haikuwa mbaya hata kidogo. Aliona kwamba vyuo vya kawaida vilimtengenezea nafasi kijana wa miaka 18 asiye na kazi wala watoto, vikamwacha nje mtu mzima anayefanya kazi mchana. Akafungua madarasa ya jioni, baadaye masomo kwa njia ya intaneti, na kozi zilizoanza mara nyingi katika mwaka. Mama mwenye watoto wawili asiyeweza kungoja Septemba alipata mlango. Mwaka 1994 kampuni yake iliingia katika soko la hisa, na kufikia mwaka 2010 chuo hicho kilikuwa na wanafunzi takriban 470,000. Idadi hiyo ni kubwa kuliko watu wa miji yetu mingi.

Tatizo lilianzia hapo kwenye soko la hisa. Mwenye hisa hutaka ongezeko kila robo mwaka, na njia ya haraka ya kupata ongezeko ni kusajili wanafunzi wapya, wala haihitaji kuwafundisha vizuri waliopo.

Mwaka 2012 kamati ya Baraza la Seneti chini ya Seneta Tom Harkin ilitoa ripoti baada ya kuchunguza makampuni 30 ya aina hii kwa miaka miwili. Hesabu zake zinastahili kusomwa polepole. Katika mwaka wa fedha 2009 makampuni hayo yalitumia dola bilioni 4.2 kwa matangazo na kusaka wanafunzi. Yaliweka kando dola bilioni 3.6 kama faida. Kwa ufundishaji wenyewe yalitumia dola bilioni 3.2. Yaani katika kila dola 100 zilizoingia, takriban 23 zilikwenda kumtafuta mwanafunzi mwingine, 19 zikawa faida, na 17 ndizo zilizomfikia mwanafunzi darasani.

Ripoti hiyo ilihesabu pia watumishi. Waliokuwa na kazi ya kusajili walikuwa 35,202. Waliokuwa na kazi ya kuwasaidia wahitimu kupata ajira walikuwa 3,512. Kumi kwa mmoja. Mtu hahitaji shahada ya uchumi kujua duka lenye wapiga debe kumi na fundi mmoja linauza nini.

Na matokeo? Miongoni mwa waliojiandikisha katika vyuo hivyo mwaka wa masomo 2008 hadi 2009, asilimia 54 walikuwa wameondoka bila cheti chochote kufikia katikati ya mwaka 2010. Stashahada ya miaka miwili iligharimu kwa wastani mara nne ya ile ya chuo cha jamii. Asilimia 96 ya wanafunzi wa vyuo vya biashara walichukua mikopo, ilhali katika vyuo vya jamii waliochukua walikuwa asilimia 13 tu. Vyuo hivyo vilikuwa na takriban asilimia 13 ya wanafunzi wote wa elimu ya juu nchini humo, lakini asilimia 47 ya walioshindwa kurejesha mikopo ya serikali walitoka humo.

Ni nani aliyelipa?

Watetezi wa vyuo vya biashara walikuwa na hoja iliyosikika vizuri: sisi hatupokei ruzuku ya kuendeshea chuo kama vyuo vya majimbo, na juu ya hayo tunalipa kodi, basi sisi ndio tunaomwondolea mlipa kodi mzigo. Ukitazama mlango mmoja hoja hiyo ni kweli. Ruzuku haikuingia kwa mlango wa mbele. Iliingia kwa mlango wa nyuma, ikiwa imebebwa na mwanafunzi kwa jina la mkopo na msaada wa masomo. Ripoti ya Harkin ilieleza kwamba vyuo hivyo vilipokea takriban dola bilioni 32 za fedha za serikali kuu kwa mwaka, yaani karibu robo ya msaada wote wa wanafunzi.

Bunge la Marekani lililiona jambo hili mapema. Mwaka 1992 liliweka sharti kwamba chuo cha biashara kisipate zaidi ya asilimia 85 ya mapato yake kutoka katika mfuko wa misaada ya wanafunzi. Walau asilimia 15 ilipwe na watu kwa hiari yao, kama ushahidi kwamba bidhaa ina thamani. Mwaka 1998 sharti likalegezwa hadi asilimia 90. Palibaki mwanya: fedha za masomo ya wanajeshi waliostaafu hazikuhesabiwa kuwa za serikali. Hivyo kila dola moja ya mwanajeshi ilikiruhusu chuo kuchukua dola tisa nyingine kutoka katika mfuko wa misaada, na wasaka wanafunzi wakapiga kambi karibu na makambi ya jeshi. Mwanya huo ulizibwa kwa sheria ya mwaka 2021 iliyoanza kutumika mwaka 2023. Miaka 25 ni mingi kwa kuziba tundu lililoonekana na kila mtu.

Wachumi wawili, Stephanie Cellini na Claudia Goldin (huyu wa pili alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023), walifanya ulinganisho wa werevu katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Walichukua vyuo vya biashara vinavyofundisha kozi zilezile, vingine vikiwa vimeruhusiwa kupokea misaada ya serikali na vingine havikuruhusiwa. Wakakuta vile vilivyoruhusiwa vinatoza karo ya juu kwa takriban robo tatu, na tofauti hiyo ilikaribiana na kiasi cha msaada wenyewe. Kwa maneno mengine, msaada aliopewa maskini ulipitia mkononi mwake tu, ukaenda kuishia katika mfuko wa kampuni.

Haki ya upande wa pili

Tumeamrishwa tufanye uadilifu hata kwa tusiowapenda, na uadilifu unataka tuseme kwamba vyuo vya umma navyo havikutoka katika mizani hii vikiwa vyeupe. Katika vyuo vya jamii vya Marekani wanafunzi wanaomaliza kwa wakati ni chini ya nusu. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008, majimbo yalipunguza fedha, madarasa yakajaa, na maelfu wakakosa kozi walizozihitaji. Mtu aliyekaa kwenye orodha ya kungoja kwa mwaka mzima alikwenda kwa mfanyabiashara kwa sababu mfanyabiashara alipokea simu yake. Sehemu kubwa ya ukuaji wa vyuo vya biashara ilitokana na uzembe na ubahili wa upande wa umma.

Tena yapo mambo ambayo vyuo vya biashara vilifanya vizuri zaidi. David Deming, Claudia Goldin na Lawrence Katz, wote wa Harvard, walionesha mwaka 2012 kwamba katika kozi fupi na za stashahada vyuo vya biashara viliweza kuwabakiza na kuwahitimisha wanafunzi kuliko vyuo vya jamii. Ratiba ilikuwa imenyooka, kozi zilifuatana, na mtu hakupotea katika korido akitafuta ofisi ya kujiandikisha. Hili si jambo dogo. Lakini watafiti haohao walipowafuata wanafunzi miaka sita baada ya kujiunga, waliwakuta wa vyuo vya biashara wakiwa na ukosefu wa ajira zaidi, madeni makubwa zaidi, na uwezekano mkubwa zaidi wa kushindwa kulipa. Katika shahada ya kwanza, hata kuhitimu kwenyewe kulikuwa kwa nadra kuliko katika vyuo vya umma.

Waajiri nao walijaribiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, Deming na wenzake walituma maelfu ya maombi ya kazi ya majaribio, yenye sifa zinazolingana isipokuwa jina la chuo. Aliyeandika shahada ya biashara kutoka chuo kikubwa cha biashara cha mtandaoni aliitwa kwa nadra zaidi, pungufu kwa takriban asilimia 22, kuliko aliyetoka chuo cha umma cha kawaida kisichochagua sana wanafunzi. Wala hapakuwa na Harvard katika ulinganisho huo. Ilikuwa ni chuo cha kawaida kwa chuo cha kawaida, na kile cha bei nafuu kikashinda.

Lundo la nafaka lililolowa

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye mali kulikoni. Akajibu kwamba kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza ni kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika jamaa yake.

Chuo cha Globe University na mwenzake Minnesota School of Business, katika jimbo la Minnesota, waliwaandikisha vijana katika kozi ya sheria za jinai kwa ahadi kwamba wangekuwa polisi na maofisa wa kusimamia wafungwa walioachiwa kwa masharti. Kozi hiyo haikuwa na utambuzi unaotakiwa kwa mtu kuwa polisi katika jimbo hilo. Mwaka 2016 jaji aliamua kwamba vyuo hivyo vilifanya ulaghai. Nafaka ya juu ilikuwa kavu, ikapigwa picha na kuwekwa kwenye televisheni. Iliyolowa ilikuwa chini.

Mwaka 2019 University of Phoenix nacho kilikubali makubaliano ya dola milioni 191 na tume ya serikali inayosimamia haki katika biashara, kwa tuhuma za matangazo yaliyowafanya watu waamini kuwa makampuni makubwa kama Microsoft yalikuwa yakishirikiana nacho kuwapa wahitimu wake kazi. Chuo hakikukiri kosa. Kampuni ya Corinthian Colleges ilianguka mwezi Aprili 2015 na kuwaacha wanafunzi wake barabarani. Mwaka uliofuata ITT Technical Institute ikafunga milango na kuwaacha zaidi ya 35,000 katikati ya masomo.

Fiqhi yetu ina neno kwa hali hii, nalo ni gharari, yaani mauzo yenye kiza ndani yake. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda mtini kabla hayajaonesha kuiva, kwani mnunuzi hulipia kitu ambacho huenda kisiwepo. Elimu inafanana mno na tunda hilo. Unailipia leo, utaijua thamani yake baada ya miaka minne, na kama ilikuwa mbovu huwezi kuirudisha dukani. Ndiyo maana bidhaa hii, kuliko sukari na saruji, inamhitaji muuzaji mkweli na msimamizi mwenye jicho kali.

Isije ikafahamika kuwa tunaharamisha faida. Biashara ni halali kwa nassi ya Qur'ani, na kufundisha kwa ujira, hasa elimu za kidunia kama uhasibu na uuguzi, ni kazi ya halali isiyo na mzozo. Hata katika kufundisha Qur'ani, ambako Mahanafi wa mwanzo walikataza ujira, wanazuoni wao wa baadaye waliruhusu ili elimu isipotee. Kinachozungumzwa ni mwenye faida yake kuitafuta kwa kuficha.

Huku kwetu

Tusiibebe hesabu ya Marekani tukaiweka Tanzania kama ilivyo. Vyuo vikuu vya binafsi hapa kwetu kwa sehemu kubwa ni vya taasisi za dini, makanisa na jumuiya za Kiislamu, wala haviuzi hisa. Biashara hasa imekaa kwenye vyuo vya kati, vya afya, ualimu, utalii na kompyuta, ambavyo mabango yake yamejaa kwenye nguzo za umeme. Hata hivyo fedha za umma zinafuata mwanafunzi hapa pia. Tangu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ianze kazi mwaka 2005, mkopo wake unatumika katika chuo cha serikali na cha binafsi. Kwa hiyo lile swali la mlango wa nyuma linatuhusu.

Jicho la msimamizi nalo limefanya kazi kwa nyakati zake. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilivizuia vyuo 19 kupokea wanafunzi wapya, na Januari 2020 ikafuta usajili wa vyuo vingine. Wazazi waliokuwa wamekwisha kulipa ndio waliohangaika kuhamisha watoto.

Wala chuo cha umma si ngome isiyobomoka. Mwezi Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Dodoma walitakiwa kuondoka ndani ya saa 24, baada ya masomo yao kukwama kwa mgogoro wa walimu. Chuo kilikuwa cha serikali, mpango ulikuwa wa serikali, na vijana walilala stendi ya mabasi. Mwenye kudhani kwamba neno umma lililoandikwa getini linatosha kuwa dhamana, na akumbuke Dodoma.

Liko suala la riba, ambalo kwa Muislamu haliwezi kuachwa nje ya hesabu ya ufanisi. Kwa miaka mingi mkopo wa Bodi ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka kwa ajili ya kile kilichoitwa kulinda thamani ya fedha, na wanazuoni wetu walikhitilafiana kuhusu hukumu yake. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza tozo hiyo iondolewe, na ikaondolewa. Familia nyingi zilizokuwa zimejizuia zilipumua. Huko Marekani mikopo ya serikali ina riba ya wazi, na ndugu zetu wanaoishi Minneapolis, Columbus na kwingineko bado wamo katika mtihani huo. Taasisi ya Kiislamu ya A Continuous Charity hutoa huko mikopo ya masomo isiyo na riba, ingawa mahitaji ni makubwa kuliko mfuko wake. Pima basi: chuo cha jamii cha karo ndogo, ambacho kijana anaweza kukilipia kwa kazi ya jioni bila kukopa, kimemwepusha na deni na kimemwepusha na riba kwa pamoja. Hapo ufanisi wa dunia na wa akhera umekutana.

Njia ya wakfu

Waislamu tulikuwa na jibu letu kabla ya hisa na kabla ya ruzuku. Umar ibn al-Khattab (R.A.) alipopata ardhi Khaybar, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aizuie asili yake na alitoe sadaka pato lake. Katika maelekezo hayo mafupi ukasimama mfumo uliolisha madrasa kwa karne nyingi. Nidhamiyya ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067 na Waziri Nidham al-Mulk, ilikuwa na wakfu uliolipa walimu na kuwatunza wanafunzi. Al-Azhar ya Cairo na al-Qarawiyyin ya Fes ziliishi kwa mashamba, maduka na nyumba zilizowekwa wakfu. Mwanafunzi hakuwa mteja wa kutafutwa kwa tangazo, na mwalimu hakungoja fungu la bajeti kutoka kwa mtawala.

Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianzishwa Tunguu mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Havigawi faida kwa mtu. Lakini chuo kisicho na mwenye hisa wala wakfu mnono kinategemea karo, na kinachotegemea karo kinaweza kushikwa na uroho uleule wa kusajili. Zaidi ya hayo, historia ya wakfu ina kurasa zake chungu: wasimamizi waliokula pato, nyumba zilizopangishwa kwa senti hadi zikabomoka. Nadhani ni haki yetu kuziuliza taasisi zetu wenyewe yale ambayo Seneti iliyauliza makampuni. Katika kila shilingi mia, ngapi zimeingia darasani? Walioanza mwaka wa kwanza ni wangapi, na waliovaa joho ni wangapi? Jina la Kiislamu juu ya mlango halimpunguzii mtu wajibu wa kujibu; kwa maoni yangu linamwongezea.

Kwa mzazi ambaye wiki hii anashika fomu mkononi, mambo ya kuuliza yamekwisha kujitokeza katika habari hii. Usajili wa chuo kikuu huthibitishwa TCU, ambayo huchapisha mwongozo wa udahili kila mwaka, na wa chuo cha kati NACTVET, jina la NACTE tangu mwaka 2021. Usajili wa chuo peke yake hautoshi: uliza kama kozi yenyewe imeidhinishwa, na kama baraza la taaluma husika, la uuguzi au la famasi, linamtambua mhitimu wake, maana vijana wa Minnesota walikuwa na chuo kilichosajiliwa. Zungumza na wanafunzi wa mwaka wa tatu mbali na ofisi ya udahili. Uliza idadi ya walimu wa kudumu. Jumlisha karo, malazi, mitihani na mafunzo ya vitendo kwa miaka yote, usihesabu muhula wa kwanza tu. Na uombe kwa maandishi utaratibu wa kurudishiwa fedha iwapo kijana ataugua au chuo kitafungwa. Wanafunzi wa Corinthian hawakuwa na karatasi ya namna hiyo. Chuo chao kilifungwa mwaka 2015, na ni mwaka 2022 tu ndipo serikali ya Marekani ilipowafutia wote waliosalia deni la dola bilioni 5.8, watu 560,000, kwa fedha za walipa kodi.